Kambi Safi ya Isansa na Ugonjwa wa Wasikivu

Nimekabidhi funguo za kabati la dawa wiki tatu zilizopita, na tayari ninyi vijana wa zahanati ya Tunduma mmeshanitumia watu wawili kuniuliza marhamu ya kiberiti iko wapi. Iko pale pale ilipokuwa. Fungueni macho. Na kwa kuwa siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, mkadhani nitasahau, nimekaa chini na kuandika. Sitaeleza nilipandishwa vyeo lini, maana vyeo vyangu vingi vilinijia nikiwa nimekosea. Mshahara nao mnaujua, ndio huo huo mnaoulalamikia kila mwisho wa mwezi.

Kazi nilijifunzia katika hospitali ya wilaya, kijana niliyetoka shule ya misheni nikijua kusoma, kuandika na kudharau. Aliyenifundisha ni Mzee Athumani, dresa, yaani mfunga vidonda, aliyeanza kazi tangu enzi ya Mjerumani, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea majeraha. Daktari Mzungu alitufundisha majina ya dawa. Mzee Athumani alitufundisha mengine yote: kuchemsha sindano mpaka maji yatoe mapovu makubwa, kutomwamini mgonjwa anayesema haumwi, na kutazama ulimi kabla ya kutazama kidonda. Swali lake la kwanza kwa kila mtu lilikuwa, "Jana ulikula nini?" Mwenye jino aliulizwa, aliyeungua aliulizwa, hata aliyepigwa rungu kilabuni aliulizwa.

"Mzee, huyu kavunjika mkono," nilimwambia siku moja.

"Na huo mkono utaungwa na nini, bandeji yako? Muulize."

Sikumuuliza. Kaptula yangu ilikuwa imepigwa pasi hadi inaweza kusimama yenyewe, na niliona kuwa kuulizana habari za ugali ni kazi ya mama wakwe. Mimi nilikuwa mtu wa sindano.

Msinicheke kabla hamjajua wakati wenyewe ulivyokuwa. Ilikuwa miaka ya sindano ya buba. Mtu alikuja na vidonda mwili mzima, nzi wanamfuata, unamchoma, na baada ya wiki chache anarudi ngozi nyororo kaleta kuku. Watu waliipenda sindano kuliko harusi. Siku yangu ya kwanza Ndalambo, ambako nilipelekwa kuwa dresa peke yangu katika kibanda cha udongo chenye meza, kabati na stovu isiyotaka kuwaka, mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye afya njema kabisa.

"Unaumwa wapi, mzee?"

"Siumwi, baba. Nimekuja kuchomwa ile aliyochomwa jirani."

Katika hali hiyo, nani angekwenda kuwaambia watu habari za maharage?

Pale Ndalambo palikuwa na watoto wa namna moja, nao waliletwa kwangu kila wiki. Mtoto aliachishwa ziwa kwa sababu mama ana mimba nyingine, akahamishiwa uji mwepesi wa mahindi, na baada ya miezi michache miguu na mashavu yanavimba, nywele zinakuwa nyekundu na kukatika, ngozi inabanduka, na mtoto analia bila nguvu ya kulia. Wenyeji walisema wazazi wamembemenda mtoto, yaani wamekutana kabla ya wakati. Mwinjilisti alisema ni dhambi. Mimi nilisema ni minyoo. Tulikuwa watatu tunaoshindana kwa ujinga, ila mwenye sare alikuwa mmoja, kwa hiyo wajinga wenzangu walinisikiliza.

Niliwapa dawa ya minyoo. Wakirudi, niliwapa tena. Mama zao, kwa heshima, waliniletea mayai. Kwa desturi ya huko mwanamke na mtoto hawakula mayai. Yalikuwa ya wanaume na wageni, na mimi nilikuwa vyote viwili. Niliyapanga juu ya kabati katika bakuli la enameli.

Mzee Athumani alikuja kukagua. Akafungua daftari la wagonjwa, akapitisha kidole: minyoo, minyoo, minyoo, minyoo.

"Lazaro, kijiji hiki kina minyoo kuliko udongo. Na mayai yale ya nani?"

"Zawadi, mzee. Kutoka kwa mama wa watoto hawa."

"Hawa waliovimba?"

"Ndiyo, mzee."

Alivua miwani akaifuta taratibu. "Basi mnyoo mkubwa nimeshauona," akasema, akaivaa tena, akaendelea kuhesabu chupa za kwinini. Nilimchukia kwa muda wa miaka miwili.

Mmoja wa mama hao aliitwa Namwinga, Mnamwanga mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alimleta binti yake mara tano. Mara tano nilimpa dawa ya minyoo. Mara ya sita hakuja, nami nikaandika kwenye daftari "amepona", kwa sababu daftari halikuwa na nafasi ya kuandika "sijui". Kumbukeni jina hilo, Namwinga, maana nilidhani nimemalizana naye.

Miaka michache kabla ya vita vya Hitla nilihamishiwa Isansa, katika shamba la kahawa la Mzungu mmoja. Jina lake halina faida kwenu. Vibarua walimwita Bwana Saa, kwa sababu hata akiwa anasali alikuwa anatazama saa. Vibarua wake walitoka Momba, Ileje, wengine ng'ambo ya mpaka kwa Wabemba, wakaishi katika kambi ya vibanda vilivyozungukwa na kunde, maboga na viazi vitamu walivyojipandia wenyewe. Mbele ya kila mlango maganda ya karanga yalikuwa yametapakaa. Kuku waliingia na kutoka kama wenye nyumba. Jumamosi kimpumu ilikorogwa, ile pombe nzito ya ulezi, na watu wakaimba mpaka sauti ziwakauke.

Niliitazama kambi ile na moyo wangu ukajaa furaha ya mtu aliyepata kazi. Hapa palikuwa na uchafu wa kutosha kunijengea jina.

Mnajua jinsi serikali ilivyokuwa ikituimbia habari za tauni. Panya analeta tauni, na panya anapenda karanga. Hiyo ilikuwa imeandikwa. Nikapiga marufuku karanga kambini. Majani karibu na nyumba yanaficha mbu na nyoka. Hiyo nayo iliandikwa. Nikaamuru kunde zote, maboga yote na matembele yote yang'olewe, ardhi ifagiliwe mpaka ing'ae. Pombe ni pombe, na mimi nilikuwa mzee wa kanisa, nikaipiga marufuku. Kuku walifukuzwa. Hata vinu vya kutwangia niliviondoa, kwa sababu Bwana Saa alikuwa ameleta mashine mpya iliyokoboa mahindi na kutoa unga mweupe kama chokaa. Niliwahutubia watu kuwa pumba huchubua utumbo, na kwamba mtu aliyestaarabika anakula kitu cheupe. Sikulisoma hilo mahali popote. Lilinijia tu nikiwa nimesimama mbele ya watu, na lilisikika vizuri.

Bwana Saa alitia sahihi amri zangu zote bila kuzisoma mara mbili. Alizipenda, maana hakuna hata moja iliyomtaka afanye kitu. Yeye aliendelea kutoa posho yake: unga, chumvi, na kibaba cha maharage yaliyobunguliwa, pale alipokumbuka.

Wakaguzi walikuja, wakaisifu kambi ile kuwa safi kuliko zote walizopata kuziona. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa nikaanzisha daftari la pili. La kwanza lilikuwa la wagonjwa. La pili niliandika kwa wino mwekundu juu ya jalada: Daftari la Wakaidi. Humo niliandika jina la kila kibarua aliyekamatwa akitafuna karanga, au aliyevuka kijito kwenda kijiji cha Wanyiha kunywa kimpumu, au aliyeficha kuku chini ya kitanda. Mkaidi alipewa adhabu ya kufagia. Walikuwa wachache na sura zilezile, wakifagia huku wakiimba, nami niliomba Mungu awaguse.

Wasikivu nao niliwatunza. Wa kwanza wao alikuwa Enoki, kijana wa Mbebe kule Ileje, kiongozi wa kwaya, mwenye sauti nzuri na tabia ya kuandika kila nilichosema. Nilimfanya mkuu wa usafi. Aliishi kibanda kimoja na Yakobo Sichalwe, Mnamwanga wa Ndalambo, mtu mpole ambaye kosa lake pekee lilikuwa kufanya chochote alichofanya Enoki.

Mwaka wa pili, jua la kabla ya mvua lilipokuwa kali, Enoki alikuja na ngozi iliyoungua mikononi na miguuni, na shingoni mzunguko mweusi wenye magamba, kana kwamba amevaa ushanga. Nikampaka marhamu ya upele. Baada ya wiki mbili ulimi wake ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi na alikuwa anaharisha. Nikampa dawa ya kuharisha. Kisha akaanza kusahau maneno ya nyimbo, akilia mchana bila sababu, akiwauliza watu kama mama yake amefika. Nikaandika "kichaa". Vibarua walisema amevikwa ushanga na wachawi, nami nikawacheka kwa upofu wao.

Enoki alikufa mvua ya kwanza iliponyesha. Tulimzika pale shambani, nguo zake zikapelekwa kwa mama yake Mbebe. Nilihutubu kaburini. Nilisema marehemu alikuwa mfano wa usafi, na kwamba hakuwahi kuandikwa hata mara moja katika daftari la wakaidi. Naona haya kuyaandika maneno hayo, lakini niliyasema, tena kwa sauti kubwa.

Kabla ya mwezi kwisha wagonjwa wengine kumi na mmoja walikuwa na ushanga ule ule. Mmoja wao alikuwa Yakobo. Yeye mikono yake ilikuwa mibaya kuliko ya wote, ngozi nene imepasukapasuka, na hapo akili yangu ikapata jambo jipya. Ukoma! Nikamwandikia daktari wa wilaya barua ya kurasa tatu, kwa mwandiko wangu bora, nikieleza kuwa Yakobo Sichalwe ana ukoma na aondolewe haraka. Jibu likaja kwamba mwisho wa mwezi lori litapita kumchukua hadi makazi ya wakoma, mbali sana. Kwa siku hizo, ninyi hamkumbuki, mtu akipanda lori lile mkewe alikuwa anaanza kuitwa mjane, na shamba lake ndugu waligawana kabla vumbi halijatulia.

Yakobo nilimwambia mwenyewe. Alitazama mikono yake. "Sawa, dresa," akasema. Hata hilo alilikubali.

Habari zilifika Ndalambo upesi kuliko lori lilivyofika Isansa. Asubuhi moja nikiwa nachemsha sindano nilisikia sauti ya kuitia ng'ombe mlangoni.

"Hodi hapo! Huyu ndiye yule dresa wa minyoo?"

Alikuwa Namwinga, kapu kichwani, miguu imejaa vumbi la siku mbili. Nilikuwa sijui kuwa Yakobo ni mumewe. Nilimkaribisha kwa heshima, nikaanza kumpa pole ya ukoma.

"Ngoja, baba, pole yako iweke hapo. Unamkumbuka binti yangu?"

"Namkumbuka. Alipona."

"Alipona, ee mukwai," akasema, akiniita bwana kwa lugha ya kwao. " Ulimpa dawa mara tano, minyoo haikutoka hata mmoja. Nikasema huyu baba anatafuta kitu ambacho hakimo. Nikamponda karanga, nikamtilia kwenye uji. Mayai niliyokuwa nikikuletea wewe nikampa yeye, kwa siri, mama mkwe asione. Sasa anateka maji, mtungi mzima."

Nikakohoa. Nikamweleza kuwa ukoma ni jambo jingine, la kitaalamu.

"Nimepita kambini kwanza," akasema. "Nimewaona wote kumi na mmoja. Nimewaona na hawa wanaofagia kule, wanaimba. Dresa, nikuulize kitu, usikasirike. Mbona wagonjwa wako wote ni wasikivu? Mbona mlevi hata mmoja hayumo?"

Nilikasirika. Nikavuta daftari la wagonjwa na daftari la wakaidi nimwonyeshe kwamba ugonjwa hauchagui. Nikayaweka mezani pamoja, kitu ambacho sijui kwa nini sikuwahi kukifanya. Nikasoma jina la mgonjwa, nikalitafuta kwa wakaidi. Halimo. La pili, halimo. Nilisoma yote kumi na moja, na Enoki wa kumi na mbili, huku Namwinga akisubiri na kapu lake. Hakuna jina hata moja lililokuwa katika madaftari yote mawili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Kambini kwangu miguu ya wasiosikia ilikuwa imara kabisa; waliovunjika ni waliosikia.

Nikakaa juu ya sanduku la pamba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nikamwita mgonjwa, nikamuuliza jana alikula nini. Alikuwa Yakobo.

"Ugali, dresa."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Juzi?"

Alinitazama kwa wasiwasi, kama mtu anayetegwa. "Ugali na chumvi, dresa. Kama ulivyosema. Sijala kingine, naapa."

Namwinga alifungua kapu. Kulikuwa na karanga, unga wa ulezi, samaki wakavu wa mto Momba, na majani ya kunde yaliyokaushwa.

"Lori linakuja lini?" akauliza.

"Baada ya siku ishirini."

"Nipe siku hizo. Asipopona, mpandishe."

Nilikubali. Nitawaambia ukweli: nusu yangu iliomba apone, na nusu nyingine, ile yenye kaptula iliyopigwa pasi, iliomba yule mama aaibike. Nikamtaka ampikie nje ya mpaka wa kambi, ng'ambo ya kijito, kwa sababu amri ilikuwa bado amri. Hata baada ya kuyaona yale madaftari nilimvusha mgonjwa kijito ili maganda yasiangukie ardhi yangu iliyofagiliwa.

Kila siku nilikwenda kumtazama. Kwanza kuharisha kulikoma. Kisha ulimi ulianza kupata rangi ya ulimi. Siku ya nane nilimkuta anamgombeza mkewe kwamba samaki wana chumvi nyingi, na Namwinga alinigeukia, macho yamemjaa machozi, anacheka. "Umesikia? Analalamika!" Mwezi mzima Yakobo alikuwa hajalalamikia kitu. Siku ile ile niliwavusha wale kumi wengine, wakala karanga kwa viganja. Kimpumu nayo ilikuwapo, katika kibuyu kikubwa, na mzee wa kanisa aligeuka akatazama miti.

Lori likafika, na daktari wa wilaya ndani yake, na Bwana Saa akaja na saa yake. Yakobo alisimama mbele yetu, mke wake nyuma yake ameshika shati lake kwa nguvu. Magamba yalikuwa yamepungua, lakini mikono bado ilikuwa na madoa, na barua yangu ya kurasa tatu ilikuwa mkononi mwa daktari. Daktari akatoa pini kwenye kola yake, akamwambia Yakobo afumbe macho, akamchoma katikati ya doa.

"Aii!"

Akamchoma jingine. "Aii! Mama yangu!"

Ukoma huua hisia. Mwenye ukoma ukimchoma kwenye doa hasikii kitu. Mzee Athumani alinifundisha hilo wiki ya kwanza, na mimi nilikuwa na kopo zima la pini kabatini.

"Nani aliandika barua hii?" daktari akauliza.

"Mimi, bwana."

"Ulimchoma pini?"

"Hapana, bwana."

Alimtazama Yakobo shingoni, akamwambia atoe ulimi, akawatazama wengine. Akasema ugonjwa huu unaitwa pelagra, huwapata watu wanaokula mahindi matupu, tena hayo yaliyokobolewa, na dawa yake ni karanga, maharage, nyama, samaki, mboga. Akamgeukia Bwana Saa na kumuuliza kwa nini watu hawapati hivyo.

Bwana Saa akatazama saa. "Mimi hapana kataza," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Dresa kataza. Dresa sema karanga baya, leta panya."

Kila mtu akanitazama. Nilikuwa na maneno tayari: nilifuata maandishi, wakaguzi walisifu, unga ni wake. Yote yalikuwa kweli. Lakini Namwinga alikuwa bado ameshika lile shati, nami nikashindwa.

"Ni kweli, bwana," nikasema. "Nilikataza karanga, na mboga nikang'oa. Na pumba nikasema mbaya. Nilibuni."

Daktari aliandika muda mrefu. Amri ikatoka kwamba kila kibarua apewe karanga na maharage mazima, bustani zirudi, na unga usikobolewe. Bwana Saa alitia sahihi akiwa na uso wa mtu anayeng'olewa jino. Lori likaondoka tupu. Katika taarifa yake daktari aliandika kuwa dresa wa Isansa aligundua chanzo cha ugonjwa kwa kulinganisha madaftari yake. Hapo ndipo nilipopandishwa cheo, jambo ambalo nimeahidi sitalieleza.

Yakobo hakubaki. Siku ya kuondoka alikuja zahanati kuniaga, Namwinga akimsubiri njiani. Hakukaa. Kwa mara ya kwanza hakuniita dresa.

"Lazaro," akasema, "mimi umeniambia ukweli mbele ya watu. Enoki hujamwambia."

"Enoki amekufa, Yakobo."

"Mama yake hajafa."

Nilikwenda Mbebe kwa miguu, milima ile ambayo ukimaliza mmoja mwingine unakungoja. Nilimkuta mama yake Enoki anachambua maharage juani, mama mdogo wa mwili, mchangamfu, ambaye aliposikia natoka Isansa aliinuka haraka akaniletea kigoda. Alinijua kwa sifa. Mwanawe alikuwa amemwandikia habari zangu, na mwalimu wa shule alimsomea.

Nikamweleza yote. Kwamba hakuna mchawi, wala kichaa, wala mapenzi ya Mungu ninayoyajua mimi. Kwamba mwanawe alikosa chakula, akiwa anakula kila siku.

"Na wengine walioshikwa, wamepona?" akauliza.

"Wamepona, mama."

"Kwa dawa gani?"

"Karanga, mama. Maharage. Majani ya kunde."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Kisha akaendelea kuchambua, taratibu, akitoa mabovu.

"Karanga nilimpelekea," akasema. "Mwaka ule, wakati wa mavuno, kapu zima, kwa mkono wa shangazi yake. Likarudi kama lilivyokwenda. Akaniandikia, mama, usitume tena, dresa wetu hapendi." Akanitazama, wala hapakuwa na hasira usoni mwake, ningeshukuru kama ingekuwapo. "Nilifurahi sana siku ile, baba. Nilizunguka na ile barua kwa majirani wote. Nikawaambia, oneni, mwanangu amepata mtu wa kumtunza."